Supu Inayosomeka Chini ya Bakuli

Tororo, 9 Februari 2025

Kwa dada yangu Akiror, Mama Jovan,

Yoga, dada, nakusalimu kwa Kiteso chetu. Huku sote wazima. Mwamba wa Tororo bado umesimama pale pale ulipouacha, ingawa ni mwaka wa nne hujaja kuuangalia. Mke wangu Benedeta anakusalimu, mguu wake umepoa. Juzi treni ya mizigo ilipita na mimi, japo reli walishanistaafisha, nilisimama nikaipungia bendera yangu ya zamani. Dereva akapiga honi, nikafurahi mpaka jioni. Shemeji Okochi anaendeleaje na goti? Na Jovan, bado anabadilisha pesa mpakani juani, au amepata kazi ya kukaa kivulini?

Naandika barua kwa sababu uliapa hutaki kuisikia sauti yangu, na simu ina sauti. Barua haina. Obore wa mikeka, ambaye kila siku ya soko huja Busia, amekubali kuwa posta yetu.

Jambo lenyewe ni dogo. Binti yangu Acom, yule anayetunza wazee kule Japani, anakuja likizo mwezi wa nane. Nimeamua kumpokea kwa rameni. Usishtuke. Ni tambi za Kijapani ndani ya bakuli la supu, yaani ni unga, maji na moto. Acom alicheka kwenye simu, akasema, "Baba, wewe hata chai unaunguza." Nikamjibu kwamba mtu aliyepitisha treni za mizigo miaka yote hiyo bila ajali hawezi kushindwa na tambi. Benedeta alisikia, majirani walisikia, sasa siwezi kurudi nyuma.

Nina maombi mawili. Kwanza, nitumie omena wa Majanji, wale waliokauka vizuri, maana supu hii inataka dagaa wakavu. Pili, wewe ndiwe shangazi yake. Mtoto akirudi kutoka mbali hupokelewa mlangoni na shangazi, na hayo unayajua kuliko mimi. Uje.

Mdogo wako,
Edimu


Busia, 2 Machi 2025

Edimu,

Barua yako imefika ndani ya mkeka, na mkeka nimelazimika kuununua, kwa sababu Obore alisema hawezi kuufungua kwa ajili ya barua peke yake. Sasa nina mikeka ya kutosha kufungua msikiti.

Sisi wazima. Okochi anaenda hospitali ya Masafu kwa ajili ya goti, na kila akirudi anasema limepona, mpaka atakapoona jembe. Jovan bado anabadilisha pesa. Kivuli amekinunua, ni mwavuli. Hoteli yangu inakwenda vizuri, madereva wa malori wanapenda supu yangu na wanasema hivyo kwa midomo yao wenyewe. Nataka ulisome hilo neno mara mbili.

Omena nimetuma. Toa vichwa, la sivyo supu itakuwa chungu. Nakwambia hivi kwa ajili ya Acom, si kwa ajili yako.

Kuhusu kuja, naona umesahau, basi nikukumbushe. Siku wakwe wa binti yako Annet walipokuja kujitambulisha kwako, nilipika supu ya kuku tangu alfajiri, kwa umati wote ule. Wewe ukasimama, ukainua bakuli juu watu wote waone, ukasema: "Wageni wetu, supu ya dada yangu ni ya ajabu. Mtu anasoma jina la kiwanda chini ya bakuli bila kuvaa miwani." Wakwe walicheka. Padri alicheka. Hata bibi harusi, mwanao niliyemfundisha kupika, alijificha kwenye shela akacheka.

Mimi sikucheka. Niliapa mbele ya watu wale wale kwamba sauti yako sitaki tena kuisikia, na uwanja wako nitaukanyaga siku ya kukulilia. Obore ananiambia uko mzima na umenenepa. Basi sioni safari.

Msalimie Benedeta. Acom mwambie shangazi anampenda.

Akiror


Tororo, 13 Aprili 2025

Mama Jovan, dada yangu,

Salamu za mvua. Huku inanyesha vizuri, mahindi yameota, na jirani yetu Emong amepata mapacha wa mbuzi. Treni haijapita siku nyingi, nasikia tuta limelowa. Benedeta amekwenda kukaa Nagongera kwa mama yake. Si ugomvi. Alisema tu kwamba atarudi jiko litakaporudi kuwa jiko.

Omena ni wazuri mno, ahsante. Shida imekuwa tambi. Acom ananifundisha kwa simu, na anasema unga wa rameni hukandwa kwa maji yenye magadi, ndiyo yanayofanya tambi ziwe na rangi ya manjano na zivutike. Basi nikanunua magadi. Sikujua kuna ya kufulia. Tambi zilitoa povu kwenye sufuria, povu likapanda likazima moto. Nilimpa mbwa kipande, akanusa, akanitazama kwa huruma, akaenda kulala kwa Emong. Hajarudi.

Mara ya pili nilimwita Bartholomew, fundi wa chapati pale stendi, anisaidie kusukuma unga. Yule bwana ana mikono! Alisukuma, nikakata kwa kisu, tukazianika kwenye kamba ya nguo uani. Akina mama wa kwaya walipita, mmoja akaniuliza, "Mzee, hii nyuzi wewe nashona nayo nini?" Nikamwambia ni chakula. Wakaondoka, na Jumapili nikasikia wananiombea kanisani, kwa jina. Mvua ikaja ikazirudisha tambi zote kuwa unga.

Nimekumbuka yale maji ya majivu ya maganda ya maharage, yale mama alikuwa akichuja kwa kulainishia kunde. Acom anasema yatafaa kabisa. Wewe bado unayachuja. Nitumie chupa moja.

Kuna jambo la ajabu pia. Acom anasema kule Japani rameni huliwa kwa kelele. Mtu anavuta tambi kwa mdomo, fyuuu, chumba kizima kinasikia, na mpishi huko jikoni anajua amesifiwa. Asiyevuta kwa kelele amemtukana mpishi. Fikiria.

Mwisho, swali dogo la kitaalamu. Supu za rameni ziko nyingi. Ipo nyeupe nzito ya mifupa ya nguruwe, hiyo nimepika, na ndiyo iliyompeleka Benedeta Nagongera. Ipo na nyingine. Sasa, mtu akichemsha kuku, afanyeje ili supu isiwe na ukungu? Namuulizia jirani.

Edimu


Busia, 4 Mei 2025

Edimu,

Tumeshukuru Mungu, huku mvua imeshusha bei ya mboga na hakuna mgonjwa ila goti lile lile. Jovan amemleta msichana nyumbani kwa mara ya kwanza. Anaitwa Akullo, anakula vizuri, nimempenda.

Maji ya majivu ndiyo hayo. Nimeandika kwenye chupa SI POMBE kwa herufi kubwa, kwa sababu ya Obore. Ukiona yamepungua ujue Obore hakuamini.

Kula kwa kelele mbele za watu! Mama yetu angetupiga mwiko mgongoni. Nimejaribu kumfikiria Okochi akivuta supu namna hiyo mbele ya mama yangu, mkwewe, nikalazimika kukaa chini. Mwambie Acom arudi nyumbani kabla hawajamharibu kabisa.

Sasa jirani yako. Ana jina? Kwa maana namjua Emong, na Emong hajawahi kuchemsha hata yai. Huyo jirani anayetaka supu isiyo na ukungu, yaani anataka supu ya namna gani hasa? Iwe safi? Iwe angavu? Iwe ya kwamba mtu akichungulia anaona kitu fulani kule chini? Mwambie aandike kwa mkono wake mwenyewe anachokitaka, nami nitamjibu siku hiyo hiyo.

Akiror


Tororo, 8 Juni 2025

Dada,

Huku sote wazima, yaani mimi peke yangu. Annet ametupigia simu, yeye na mumewe salama. Mbwa anaonekana kwa mbali.

Maji ya majivu yamefanya maajabu, ingawa yalifika nusu na Obore alifika akiwa ameshika tumbo. Tambi zimetoka za manjano, zinavutika, hazikatiki. Bartholomew alilia. Anasema amesukuma chapati maisha yake yote bila kujua unga unaweza kufika hapo. Tulikula tukisimama, tukavuta kwa kelele, na mtu aliyepita njiani akauliza kama kuna ng'ombe amekwama.

Imebaki supu. Jirani yangu anasita kuandika, mkono unamuuma. Mimi nakunukulia tu alivyosema fundi wa Kijapani ambaye Acom alimuuliza. Alisema rameni ngumu kuliko zote ni ya supu safi. Alisema mpishi hujulikana hapo. Alisema mteja akitazama ndani aweze kusoma maandishi yaliyo chini ya bakuli.

Sisemi lolote. Nimemnukuu mtu aliye mbali sana, hatujui sisi.

Mimi kila nikipika inatoka kama maji ya mtaro. Nimejaribu kuchuja kwa leso, kwa chandarua, kwa soksi mpya. Naona shida ni jiko, ni dogo na lina moshi. Supu inataka moto wa polepole tangu jioni mpaka kesho yake, kwa hiyo mwezi ujao nitauhamishia uwanjani. Nimepata gogo zuri la mwembe, kubwa, litakesha lenyewe. Nikishindwa hapo, Acom atapokelewa kwa ugali, na bila shangazi, na nitakuwa nimeshindwa mara mbili. Hilo la pili ndilo linaloniuma.

Edimu


Busia, 22 Juni 2025

Edimu,

Tu wazima wote. Nimeisoma barua yako hotelini nikacheka mpaka dereva mmoja akasogeza sahani yake mbali nami.

Kwa hiyo imebidi Mjapani azaliwe, ajifunze kupika, azeeke, akutane na Acom, ndipo wewe ujue supu yangu ilikuwa supu. Na bado ni yeye aliyesema, si wewe.

Siri yangu ninayo. Kiapo changu ninacho. Acom namtamani mpaka usingizini, lakini kinywa changu kiliapa na sina kingine cha kukibatilisha. Uwanja wako siuingii ukiwa hai.

Akiror


Tororo, 20 Julai 2025

Dada yangu Akiror,

Natumaini ulifika Busia salama na mkono wako umepoa. Shavu langu limepoa. Benedeta amerudi nyumbani, amepangusa jiko, anakusalimu sana. Mbwa pia amerudi, alifuata mifupa.

Uliondoka bila kunipa nafasi ya kueleza, na hata ningefungua mdomo ungeziba masikio. Basi naeleza hapa.

Ijumaa jioni niliwasha lile gogo uwanjani. Nikateleka sufuria kubwa ya kanisa, ndani kuku, mifupa na omena wako. Moto ukakesha, nami nikakesha nao. Asubuhi maji yalipungua, nikachukua jerikeni nikaenda bombani, na foleni ya bombani unaijua.

Haki ya Mungu, dada, sikufikiria. Nilikuwa nawaza supu tu. Ni kweli kwetu hakuna mtu anayewasha gogo uwanjani likakesha isipokuwa kuna maiti ndani ya nyumba. Ni kweli watu waliona moto, wakaona sufuria ya kanisa, wakaona mlango umefungwa, wakapigiana simu mpaka nje ya Tororo. Na unajua msibani hakuna anayeuliza nani amekufa, ni aibu. Watu wanafika, wanalia kwanza.

Niliporudi kwa njia ya nyuma nikakuta uwanja umejaa. Akina mama wameketi kwenye mikeka ya Obore, wanaume wamevua kofia, katekista Nathan ameshika kitabu. Kwaya iliyoniombea ilikuwa imeshafika ubeti wa tatu. Nikafikiri, maskini, kuna mtu wa kota za reli amefariki, na wameleta kilio kwangu kwa sababu uwanja wangu ni mpana. Nikaweka jerikeni chini, nikalia. Ningefanya nini?

Waliokuwa mbele waliponiona wakajua basi aliyekufa ni Benedeta, wakaja kunishika mabega. Waliokuwa nyuma hawakuniona, wakaendelea kunililia mimi. Emong alinikumbatia akisema, "Mzee, vumilia, yeye nakwenda mahali pazuri." Nikamwambia ahsante. Tulilia hivyo muda mrefu, kila upande na marehemu wake.

Halafu pikipiki ikaingia, na juu yake Benedeta kutoka Nagongera, amefunga kanga kiunoni, analia, "Edimu wangu! Edimu wangu!" Wale wa mbele waliomlilia yeye walikimbia. Mama mmoja alipanda juu ya kibanda cha kuku. Benedeta aliponiona akakaa chini vumbini.

Hapo ndipo moyo wangu ulipokatika. Maana niliwaza: mimi nipo. Benedeta huyu hapa. Annet na Acom wote walinipigia simu jana yake. Basi watu hawa wote wamekuja kumlilia nani? Nikajua ni wewe. Nikajua habari imetoka Busia, na wote wameisikia isipokuwa mimi, kwa sababu mimi na wewe hatupigiani simu.

Dada, nilianguka chini. Nilichosema nikilia pale sitakiandika. Watu wengi walikuwepo, wanaotaka kujua wawaulize.

Nikiwa bado chini nikasikia sauti kutoka barabarani, "Ndugu yangu! Tumbo moja! Nani atanichokoza tena!" Nikainua macho nikakuona umeingia uwanjani, viatu mkononi, kilemba kimefunguka, Jovan nyuma yako na mwavuli. Ukaniona. Nikakuona. Nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi tangu nizaliwe, na ndipo uliponizaba kibao.

Halafu ukageuka ukaitazama sufuria. Waombolezaji walikuwa wameongeza kuni, inachemka inaruka, imekuwa uji. Ukasahau kiapo, ukasahau msiba. Ukavuta kuni nje moja moja kwa mikono. Ukamwagiza Benedeta mayai, ukatenga viini, ukapiga weupe, ukatia mle ndani, ukawaambia watu wasipumue karibu. Ule uchafu wote ukapanda juu kama blanketi. Ukachuja kwa kilemba chako. Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya nyumba nikitazama, na kama nilivyokwisha kusema, jirani yangu alitaka sana kujua.

Bartholomew akachemsha tambi. Watu hawakutaka kuondoka, na rambirambi zao za sukari na unga walikataa kuzichukua tena. Jogoo mmoja bado anazunguka hapa hajui ni wa nani. Kwa kuwa mbele yako siruhusiwi kutoa sauti, nilimnong'oneza Nathan awaeleze namna ya kula. Akasimama na kitabu chake, akasema, "Ndugu zangu wapendwa, marehemu ameomba tule kwa kelele."

Uliondoka kabla sijajua kama utarudi. Acom anafika Jumamosi ya tarehe tisa Agosti. Sijui tena niombeje.

Mdogo wako aliye hai,
Edimu


Busia, 3 Agosti 2025

Edimu, mdogo wangu,

Tulifika salama. Okochi alipoambiwa umekufa alitembea bila fimbo mpaka stendi, na alipoambiwa uko hai goti likaanza kuuma upya. Jovan na Akullo wanakusalimu. Obore anatuletea barua bila mkeka sasa, anasema msibani kwako mikeka yake yote ilinunuliwa na hana deni na Mungu.

Nimewaza sana kuhusu kiapo. Nilisema uwanja wako nitaukanyaga siku ya kukulilia. Nimeukanyaga, nimekulilia, na sikulia kwa kuigiza. Kutoka Busia mpaka Tororo nililia, abiria wakanipa maji. Nilikuwa najiambia, mwanamke mjinga wewe, umemnyima ndugu yako sauti yako, sasa kaa nayo. Sala ilisomwa, watu walikula, mke wako alifunga kanga. Nani atasema hukufa? Kwangu umekufa vizuri kabisa, na kiapo kimekwisha kazi yake.

Lakini msiba uliofunguliwa lazima uanuliwe, hilo hata wewe hulikatai. Jamaa hurudi, wakala pamoja, matanga yakaisha. Nimeuliza wazee wa huku, wamekubali kwamba marehemu akiwepo haizuii kitu.

Benedeta ameniambia ulichosema ulipokuwa umelala vumbini. Eti ulilia ukisema, "Amekwenda, na hakuna tena duniani mtu wa kunipikia supu inayosomeka." Hilo nimeambiwa tu, sikulisikia kwa masikio yangu, na Benedeta naye ni shemeji mwenye huruma, anaweza kuongeza.

Nililolisikia mwenyewe ni jingine. Nilikuwa nimeinama nikiosha mikono, nyuma ya nyumba kuna mtu amejibanza na bakuli. Watu wote walikuwa wanavuta tambi, uwanja mzima fyuuu, Nathan akiwaongoza. Lakini ile ya nyuma ya nyumba ilikuwa kubwa kuliko zote, ndefu, na iliporudiwa mara ya pili ilikuwa na machozi ndani yake. Sauti yako nilikataa kuisikia miaka minne, Edimu. Ile nimeisikia, na imenitosha.

Jumamosi nitakuwa mlangoni kwako kabla ya jua kali, nimpokee mwanangu Acom. Kilemba cha kuchujia ninacho. Moto usiuwashe mpaka nifike, na gogo lile litupe. Na mbele ya wageni usisimame, usiinue bakuli, usihutubu. Wewe ni marehemu.

Vuta tu.

Dada yako,
Akiror